Hatua Tisa Hadi kwa Mama

Marehemu Elifuraha Mgonja alikuwa na tabia moja mbaya katika gemu: hakuweza kupita chungu bila kukivunja. Alivunja vyungu vya wafalme, vya makasisi na vya wajane, akitafuta dawa na sarafu zilizofichwa ndani. Sasa, ikiwa imebaki siku moja atimize mwaka kaburini, alikuwa katika kijiji cha wafinyanzi, na mama yake alikuwa amekaa mbele ya runinga akimtazama anavyowatia hasara watu wa watu.

"Mwangalie," alisema Mama Eli. "Nyumba ya mtu hiyo. Hata hodi hakupiga."

"Ndivyo alivyokuwa, mama," alisema Nakunda, bintiye, bila kuinua macho kutoka kwenye kifaa alichokuwa akikilehemu.

"Najua alivyokuwa, mimi ndiye niliyemzaa. Nashangaa tu kwamba hata kufa hakukumfundisha adabu."

Pedi za kuchezea zilikuwa mbili. Moja ilikuwa mikononi mwa mama. Ya pili ilikuwa imelala mezani juu ya kitambaa cha kufuma, haikushikwa na mtu, na vitufe vyake vilikuwa vikizama na kuinuka vyenyewe. Nakunda ndiye aliyeviunda hivyo. Wateja walitaka waone mahali ambapo vidole vingekuwa. Wengine wakishaona hulia, wengine huomba glasi ya maji. Mama Eli siku ya kwanza aliifunika pedi ile kwa leso. Siku ya pili akaifunua, na tangu hapo kila Jumanne na Ijumaa saa tisa alasiri alipanda ngazi za karakana hii iliyo juu ya duka la mbegu, pale Same mjini, akicheza na mwanawe mpaka upepo wa jioni uanze kuyagonga mabati.

Gemu lenyewe liliitwa Taji la Mvua. Lilikuwa la zamani, la kaseti, la wakati ambapo mtu aliyechorwa kwenye skrini hakuzidi ukubwa wa ukucha. Mama Eli alikuwa na miaka sitini na tisa na alifundisha darasa la pili kwa miaka thelathini na minne. Kabla ya msiba hakuwahi kushika pedi. Sasa alikuwa msichana mwenye upinde, wa daraja la arobaini na moja, na mazimwi ya bondeni yakimwona yalikimbia.

Ukutani palibandikwa tangazo ambalo kila karakana ya vivuli lazima iwe nalo: HAKUNA SAUTI, HAKUNA SURA. Kabla ya sheria hiyo watu walizungumza na marehemu wao kwa simu. Waliwauliza nani arithi shamba, na marehemu wakajibu. Kuna ukoo mmoja ulishtakiana miaka mitatu kwa sababu babu aliahidi shamba moja kwa watu wanne, mara zote nne akiwa ameshazikwa. Ndipo sauti zikapigwa marufuku na sura zikafuatia. Ukabaki mkono peke yake, kwa kuwa mkono hauahidi kitu. Pedi za siku hizi hukumbuka kila kitufe kilichobonywa na muda uliopita kabla ya kingine, na mtu aliyecheza miaka ishirini huacha humo namna yake yote ya kuogopa, ya kuharakisha na ya kusita mlangoni. Mjenzi huchukua kumbukumbu hizo na kufundisha kivuli. Kivuli kikiona njia panda, huenda kule ambako marehemu angekwenda.

Skrini ilionyesha gesti ya kijiji. Kivuli kikaingia, kikalipia chumba.

"Analala tena," alisema mama. "Hana hata jeraha."

"Alipenda ule muziki wa kulala."

Mama Eli aliweka pedi yake mapajani. "Kesho ni kuapa."

"Saa nne. Msajili anakuja mwenyewe."

"Na ile pedi ya hospitalini, umeiweka humo ndani?"

Chuma cha kulehemu kilikuwa mkononi mwa Nakunda. Alikirudisha kwenye kishikio chake taratibu kabla ya kujibu.

"Ile ilikuwa takataka tu, mama. Nilishakwambia. Vidole vilikuwa vinajichezea vyenyewe. Daktari alisema."

"Daktari alisema," mama aliitikia, akachukua pedi yake. Kivuli kilikuwa kimeamka. Kilitoka gesti, kikasimama uani kumsubiri, na alipokifikia kikaenda moja kwa moja hadi kwenye chungu kilichobaki.

*

Wajenzi wa vivuli wana kanuni moja ambayo hakuna anayekumbuka ilianzia wapi: kilichorekodiwa pedi ikiwa haijachomekwa kwenye mashine ni takataka. Pedi ina betri yake ndogo, nayo hurekodi hata ikiwa kwenye mkoba, hata mtoto akiitafuna, hata paka akiilalia. Hivyo kazi ya kwanza ya mjenzi asubuhi ni kufyeka. Nakunda alikuwa amefyeka kumbukumbu za watu mia mbili na zaidi bila kufikiri, kama mtu anavyopepeta mchele.

Za kaka yake alizifyeka pia. Siku kumi na moja za hospitali, zote kwa mpigo.

Wiki tatu zilizopita kivuli kilianza kugoma. Kila kilipofika kijiji cha kwanza, alikozaliwa shujaa, kilisimama mbele ya nyumba ya shujaa huyo na kutoingia. Kilikaa pale dakika nne, tano, halafu kikaondoka. Kwa kuwa hitilafu za namna hiyo hutokana na kumbukumbu iliyokatwa vibaya, Nakunda alirudi kwenye vifyekwa vyake. Akakuta ile ya hospitali ina urefu usio wa kawaida. Akaichungulia.

Takataka haina mpangilio. Hii ilikuwa nao. Kitufe cha kuanza. Kushoto mara mbili, chini mara nne, kulia mara tatu. Kitufe cha kusema. Kisha kimya cha dakika kadhaa, halafu tena: kuanza, kushoto mbili, chini nne, kulia tatu, kusema.

Alijua kabla hajaijaribu. Yeyote aliyekulia na Taji la Mvua anajua. Hata hivyo alichomeka kaseti, akaanzisha gemu jipya, akailisha kumbukumbu ile. Shujaa akaamka kitandani. Akapiga hatua mbili kushoto, akashuka ngazi nne, akaenda tatu kulia, akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa jikoni, akasema naye. Mle ndani ya nyumba hakuna mazimwi wala jambo la kubahatisha. Mtu anaweza kwenda njia ile akiwa amefumba macho.

Elifuraha alikuwa amefumba macho siku zote kumi na moja. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mnara aliokuwa akiufungia sola, na mashine ndiyo iliyompumulia.

Nakunda alitazama safari ile ikirudiwa mara arobaini. Kifaa kilimwonyesha kwamba zipo mia nne na kumi na mbili. Alizima, akashuka chini, akakaa kwenye gunia la mbegu za alizeti mpaka mwenye duka akamuuliza kama anaumwa.

Na kuumwa alikuwa anaumwa, kwa sababu yeye ndiye aliyemwekea Eli pedi ile. Alipokuwa na miaka sita, Eli, aliyekuwa na kumi na moja, alimpa pedi isiyochomekwa. Miaka miwili mizima Nakunda aliamini kwamba msichana mwenye upinde anaongozwa naye. Siku alipouona waya unaning'inia nyuma ya kabati alilia mpaka akatapika, na Eli akamwambia, kwa uso mkavu kabisa, "Lakini ulikuwa unacheza vizuri." Utani huo haukuisha ukubwani. Ndiyo maana pale wodini, siku ya kwanza, alimkunjia vidole juu ya pedi na kumnong'oneza, "Zamu yako." Hakuichomeka. Runinga ya wodini ilikuwa hapohapo, na mashine ndogo ya gemu ilikuwa kwenye mkoba wake. Angeichomeka, wangemwona akishuka ngazi. Wangemwona mara mia nne.

Siku ya kumi daktari aliita ukoo, akauliza kama mashine izimwe. Baba mdogo alizungumza, wajomba wakazungumza, kisha wote wakamgeukia aliyemzaa, kwa kuwa baba yao alikuwa ameshatangulia na neno lilikuwa la mama. Mama akasema ndiyo. Alilisema mara moja, hakulirudia, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyelitaja mbele yake.

Sasa sheria ilimtaka Nakunda aape kwamba hakuacha kitu. Sheria hiyo haikutungwa kwa ukorofi. Kulikuwa na familia zilizokata ulevi wa marehemu, zikakata hasira yake, zikabaki na mpole mmoja ambaye hawakuwahi kumfahamu. Kivuli kisichoapiwa ndani ya mwaka hufutwa. Kilichoapiwa hupigwa lakiri, hakiguswi tena.

Kwa hiyo alikuwa na njia tatu. Kuapa uongo, mama abaki na mvunja vyungu wake. Kutoapa, mama ampoteze mara ya pili. Au kumwonyesha mama kwamba siku ile aliposema ndiyo, mwanawe alikuwa njiani akija kwake.

Wiki tatu alizigeuza njia hizo kichwani. Usiku wa mwisho alichagua ya kwanza, na akalala vizuri kuliko siku nyingi.

*

Msajili, Bwana Kihiyo, alikuwa mtu mrefu wa Korogwe aliyevua viatu mlangoni hata kama hakuambiwa. Mama Eli alikuwa ameshafika, amevaa kitenge cha kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Wewe ndiye wa kumwapisha mwanangu?"

"Namwapisha huyu aliye hai," alisema Bwana Kihiyo, akimwonyesha Nakunda. "Wa pili mimi sina mamlaka naye."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi moja. Siku hizi kila kitu kipo kwenye simu, lakini kiapo cha vivuli bado huandikwa kwa kalamu. Alisoma kwa sauti ya mtu aliyesoma maneno hayohayo mara nyingi na bado hajayazoea. "Mimi mjenzi nathibitisha kwamba katika yote yaliyorekodiwa na mkono wa marehemu sikupunguza, sikuongeza, wala sikuchagua." Akaigeuza karatasi imwelekee Nakunda. "Andika jina, andika hakuna kilichoachwa, weka saini."

Nakunda alishika kalamu. Aliandika jina lake lote, la ukoo likiwemo. Juu ya meza ile pedi ilikuwa ikicheza taratibu, kwa kuwa mama alikuwa ameshaiwasha. Kivuli kilikuwa kimefika kijiji cha kwanza. Kilikuwa kimesimama nje ya nyumba ya shujaa, hakiingii.

"Mbona anasimama hapo?" aliuliza mama. "Wiki tatu hizi anasimama hapo. Kama mtu aliyefukuzwa."

Kalamu ilikuwa imeshaandika hakuna, ikawa kwenye neno la pili. Nakunda alijaribu kulimalizia. Alijiambia kwamba ni herufi chache tu, kwamba amewahi kusaini mambo makubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameinama mbele kidogo, miwani imeshuka puani, akimsubiri yule mtu mdogo aingie ndani.

Akaiweka kalamu chini.

"Siwezi kuapa," alisema. "Kuna nilichoacha."

Bwana Kihiyo hakushangaa. "Kiasi gani?"

"Siku kumi na moja."

Mama Eli hakugeuka. "Za hospitali," alisema.

"Za hospitali, mama."

"Ulisema takataka."

"Nilisema."

Upepo uligonga bati moja, ukaliacha. Nakunda akawaeleza. Aliwaeleza kama anavyowaeleza wateja, kwa maneno ya kazi, kitufe baada ya kitufe, maana maneno ya nyumbani yangemkata sauti. Alipofika kwenye kushoto mbili, chini nne, mama alinyoosha mkono, akasema, "Nyamaza. Weka tuone."

"Mama, hulazimiki. Sheria inataka mimi tu niziingize, haikulazimishi wewe kutaza..."

"Nakunda. Weka."

*

Pedi ya hospitali ilikuwa kwenye kisanduku cha viatu, ikiwa bado na mkanda wa plasta waliomfungia nayo mkononi isidondoke. Nakunda aliichomeka. Safari hii aliichomeka kweli, akautazama waya mara mbili.

Shujaa aliamka. Akashuka ngazi, akasimama mbele ya mama yake. Sanduku la maneno likafunguka chini ya skrini: *Umeamka, mwanangu. Uji uko mezani.* Eli mwenyewe ndiye aliyeyaandika. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoitafsiri kaseti nzima kwa Kiswahili, akakesha nayo likizo mbili, na mama yule wa jikoni alimpa maneno ya mama yake mwenyewe.

Kisha giza, kifaa kikiruka dakika za kimya, kisha kuanza, kisha shujaa anaamka.

Mama alitazama safari kumi, ishirini. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Bwana Kihiyo alisimama dirishani na kuwapa mgongo, jambo ambalo halikuandikwa kwenye kanuni zake.

"Nilikuwa nimekaa pale," alisema mama mwishoni. "Upande wa kulia. Upande uleule."

"Ndiyo."

"Sikutoka, Nakunda. Siku zote kumi na moja nilikuwa hapo. Alikuwa anakuja kwangu, nami niko hapohapo." Akamgeukia Nakunda. "Kwa nini hatukuona? Si ulimwekea gemu?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Nakunda alisema, "Sikuichomeka, mama. Nilimfanyia utani. Ule wa utotoni. Nilimpa pedi isiyochomekwa." Akalia, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu tangu mazishi, kilio kibaya cha mafua na kukwama pumzi.

Mama alimwacha alie. Hakumshika wala hakumsukuma. Alipoona kimepungua alisema, "Sogeza mbele. Nataka ya mwisho."

"Sijaitazama ya mwisho."

"Basi tutaitazama wote."

Siku ya kumi na moja ilikuwa na safari tatu tu. Ya kwanza ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Ya pili saa moja na nusu, na hatua zake zilikuwa nzito, kati ya moja na nyingine mtu angeweza kuhesabu hadi ishirini. Ya tatu kifaa kiliandika saa tatu na dakika kumi. Nakunda aliikumbuka saa hiyo. Walikuwa ofisini mwa daktari, yeye na baba mdogo, wakisaini makaratasi.

Shujaa aliamka. Kushoto mbili. Chini nne. Kulia tatu. Akasema na mama yake, akaambiwa uji uko mezani.

Safari hii skrini haikuingia giza. Shujaa alikuwa bado amesimama pale jikoni. Dakika moja ikapita, kisha kitufe kikazama kwenye pedi. Kushoto. Kushoto tena, na tena. Alikuwa anarudi. Alipanda ngazi moja moja, nne zote, akaenda hatua mbili kulia, akasimama mbele ya kitanda chake. Kitufe kikazama. Kitanda katika Taji la Mvua huuliza swali kabla ya kumpokea mtu: *Ulale?* Kitufe kikazama mara nyingine kujibu ndiyo. Ule muziki mfupi wa kulala ukapigwa karakanani, na baada yake hakukuwa na kitu tena. Kumbukumbu ilikuwa imeisha.

"Inawezekana ni mazoea ya vidole," alisema Nakunda. "Mtu akicheza miaka ishirini na mitano, mama, vidole hujiendea. Hakuna anayeweza kuthibitisha."

"Mazoea yakamrudisha kitandani siku ile tu? Siku zote hayakumrudisha?"



Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaendelea kuifuta baada ya kuwa safi. "Mlipotoka kwenda kusaini mliniacha naye," alisema. "Nilimshika kichwa. Nikamwambia, baba, kama umechoka, lala. Usinisubiri mimi. Nilisema hivyo kama watu wanavyosema, kujiliwaza. Nilidhani naongea na mwili." Akaivaa miwani. "Kumbe nilikuwa naongea na mtu."

Bwana Kihiyo alikuwa bado anatazama nje, lakini bega lake moja lilikuwa limeshuka.

"Mama, nisamehe."

"Wewe hukuchomeka, mimi nilisema ndiyo," alisema Mama Eli. "Tumeshagawana. Usinichukulie fungu langu."

*

Kuziingiza siku kumi na moja ndani ya kivuli kulichukua muda wa kunywa chai. Bwana Kihiyo alikunywa vikombe viwili. Alipoweka cha pili chini alimwambia mama kwa upole kwamba kivuli kikipewa kumbukumbu mpya hubadilika, na kwamba hawezi kujua kitabadilika vipi, na kwamba akishapiga lakiri hakuna kurudi nyuma. "Mkitaka msipige, nitaandika kwamba mjenzi alikataa kuapa. Kitafutwa saa sita mchana, na hakuna atakayemlaumu mtu."

"Mwache kwanza tumwone," alisema mama.

Wakamwona. Kivuli kilikuwa palepale nje ya nyumba. Kilikaa kidogo, halafu, kwa mara ya kwanza tangu kijengwe, kiliingia ndani. Mama alikamata pedi yake, akamwingiza msichana mwenye upinde nyuma yake. Kivuli kilipanda ngazi, kikalala. Kikaamka. Kikashuka hatua zile tisa hadi jikoni, kikasema na mama yule, kikasimama kidogo, kikapanda tena. Mama alimpeleka msichana hadi mlangoni, akamtoa nje, akasubiri. Zamani kivuli kingemfuata. Akasubiri sana. Nje kulikuwa na bonde, na vyungu vya wafinyanzi, na nusu ya dunia ambayo walikuwa hawajaifikia.

"Hatoki tena," alisema Nakunda. "Siku zile zina uzito kuliko miaka yote. Kila safari ni ileile, mara mia nne. Kimejifunza hizo tu. Mama, bado ninacho kile cha jana. Naweza kukirudisha."

"Na kuapa?"

"Naapa. Nitaapa tu."

Mama alimrudisha msichana ndani, akamsimamisha chini ya ngazi. "Yule wa jana alikuwa anasimama mlangoni kwake haingii," alisema. "Huyu yumo ndani. Namtaka huyu."

Nakunda akachukua kalamu, akamalizia kilichoachwa, akaweka saini. Bwana Kihiyo alipiga lakiri kwenye karatasi, kisha kwenye kifaa, akauliza kama kuna la ziada kabla hajavaa viatu.

"Lipo," alisema Mama Eli. "Maneno ya yule mama wa jikoni. Yanaweza kubadilishwa, au nayo yana lakiri?"

Bwana Kihiyo alifikiri. "Maneno ni ya kaseti. Lakiri ni ya mkono. Hayanihusu."

"Eli ndiye aliyeyaandika, mama," alisema Nakunda.

"Najua. Uji usiuondoe. Ondoa pale mwanzo tu." Akamwambia anachotaka kiwe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ukubwa wa nguo dukani. Nakunda alifungua kaseti ile ya miaka mingi, akatafuta mstari ambao kaka yake aliandika akiwa na miaka kumi na tisa, akaufuta nusu. Kazi ya dakika tatu. Nafasi iliyokuwepo ilitosha.

Wakawasha. Shujaa aliamka. Akapiga mbili, akashuka nne, akapiga tatu, akasimama mbele ya mama yake. Kitufe kikazama kwenye pedi isiyoshikwa na mtu. Sanduku la maneno likafunguka.

*Nimekusikia, baba. Uji uko mezani.*

Shujaa alisimama. Hakuondoka. Tangu aanze kuingia humo, baada ya maneno yale hakusimama zaidi ya pumzi mbili. Sasa alisimama kwa muda ambao Nakunda aliuhesabu mpaka ukafika saba, nane, tisa. Mama Eli aliinama mbele.

"Amesikia?" aliuliza.

Nakunda alijua sababu. Mstari mpya kaseti iliuvuta polepole kuliko wa zamani, sanduku lilichelewa kujifunga, na kivuli kilikuwa kinasubiri sanduku. Kivuli cha mkono hakisomi maneno. Kinaona milango, ngazi na watu, basi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ndiyo, neno dogo kuliko yote aliyowahi kuambiwa mama yake, na wino wa kiapo chake ulikuwa bado haujakauka.

"Hapana, mama," alisema. "Vivuli havisomi."

Mama alitikisa kichwa taratibu, akikubali. Kwenye skrini sanduku lilijifunga, na shujaa akageuka, akapanda ngazi, akalala. Muziki ukapigwa. Kisha akaamka, kushoto mbili, akaanza kushuka.

"Basi nitamsomea," alisema Mama Eli. Akavuta kiti mbele, karibu kabisa na runinga, upande wa kulia. Shujaa alipofika mbele ya mama yake na maneno yakatokea, aliyasoma kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akiwasomea darasa la pili. Bwana Kihiyo alichukua viatu vyake mkononi, akashuka navyo hivyohivyo. Nakunda akakaa kwenye mkono wa kiti cha mama, na safari iliyofuata wakasoma pamoja.